Nilivyoinyoosha Piano ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu anaishi Birmingham, na ana piano ya umeme ambayo alijinyima miaka miwili kuinunua. Ni mpya, ila imeundwa upya kwa mtindo wa zile za miaka ya 1970. Nikamuuliza inakuwaje mtu atoe fedha zote hizo kwa kitu kipya kinachojifanya kikongwe. Akacheka: "Mjomba, hivi vitu huvielewi." Neno hilo ndilo lililoniponza, maana mimi nimetengeneza redio na pasi tangu ujana.

Alipokwenda kazini nikafungua mfuniko. Nilitarajia vitu vya kompyuta. Nikakuta karakana ya mhunzi! Kila kibonye kina nyundo yake yenye ncha ya mpira. Nyundo inagonga kijiti cha chuma, chembamba kama sindano ya magunia, nacho kinatetemeka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Umeme unaozaliwa hapo ndio unaokwenda kwenye spika. Kwenye kijiti kuna kispringi. Ukikisogeza, noti inapanda au inashuka. Kazi hiyo mara 73. Aliyebuni mtindo huu ni Mmarekani Harold Rhodes, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwaundia askari majeruhi piano ndogo za kupigia kitandani, akitumia mabomba ya alumini ya ndege za kivita. Kwa maneno mengine, fundi wa chini ya mwembe kama mimi.

Basi nikafumba jicho moja, nikachungulia, nikaona aibu. Vijiti havikuelekea katikati ya sumaku! Karibu vyote vilikuwa vimepanda juu kidogo, kama kofia ya mlevi. Bisibisi yangu husafiri nami popote. Nikakaza, nikalegeza, chai ikapoa, hadi vyote 73 vikasimama sawasawa kama wanafunzi mstarini siku ya ukaguzi.

Jioni akakaa, akapiga. Ikatoka sauti ya mbu.

"Mjomba," akasema polepole, "umeigusa?"

Kumbe kijiti kikiwa katikati kabisa, kila mtetemo kinaipita sumaku mara mbili, kikienda na kikirudi. Umeme nao unaruka mara mbili, kwa hiyo unachosikia ni noti ya oktava ya juu, na ile uliyoipiga inabaki kama mzuka. Kikikaa upande kidogo tu, sauti inanenepa, na ukigonga kwa nguvu inakoroma kidogo, kukoroma kule wapigaji wanakokupenda. Yaani kiwandani walikuwa wameupima upogo ule kwa makini, nami nikaja kuutibu.

Tulikesha. Yeye anapiga, mimi nazungusha skrubu, naye anaamuru: "Pandisha. Umezidisha. Shikamoo, Mjomba, nimesema kidogo!"

Kibonye kimoja, karibu na mwisho wa kulia, tulikiacha na mbu wake. Amekipa jina langu.