Sifa za Vumbi la Tandahimba

Nchi hii haina uhaba wa wasifiaji. Wali wa nazi umesifiwa, bibi harusi amesifiwa, waheshimiwa ndio usiseme. Vumbi pekee halijapata msemaji, hasa lile jekundu linalompokea mtu siku ya mwisho ya safari ya kwenda kwao, juu ya uwanda wa Makonde. Nami nimejitolea.

Safari ya kusini imekuwa laini mno. Zamani Rufiji ilivukwa kwa kivuko na subira; tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, familia nzima huuvuka mto ikikoroma. Kibiti, Nangurukuru, Lindi, Mtwara, lami tupu. Mkilala Mtwara, asubuhi mnapanda Noah kila mtu na hadhi yake: baba na cheo cha mjini, shangazi na wigi jipya, watoto na Kiingereza cha shule.

Lami iliishia Mnivata, kilomita 50 tu kutoka Mtwara. Hapo vumbi hushika usukani. Funga vioo, litaingia kwa mlango wa nyuma. Ziba mlango, litapita kwenye kiyoyozi, na baridi yake. Hamjafika Tandahimba, cheo cha baba hakionekani, shangazi ana mvi nyingi kuliko mama yake mzazi, na watoto wanakohoa Kimakonde safi. Katiba yenyewe haijatusawazisha namna hii. Na mkija Juni, mikorosho ikipulizwa salfa, vumbi hupata mwenzake wa njano. Mnashuka garini mmeshatibiwa, ubwiriunga wa mikorosho hauwapati tena.

Vumbi ni mjumbe pia. Wingu lake huonekana gari likiwa bado mbali, na kuku mwenye akili huanza kukimbia hapo hapo. Tena ni shahidi. Mgeni anayeshuka msafi hutiliwa shaka: huenda alifika tangu jana, akalala kwanza kwa wakwe.

Ila sifa yake kubwa iko kwenye maji. Mvua ya uwandani huzama mchangani. Chemchemi ziko chini, mabondeni, na bibi zetu walishuka na kupanda miteremko hiyo na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde unayasukuma maji kuja juu tangu enzi za mkoloni, na bado kuna miezi ambayo dumu la maji ni mali. Sasa fikiria familia nzima imeshuka uani kwa bibi, rangi moja na ukuta wa nyumba. Shikamoo zimeitikiwa. Bibi hana neno. Anafunua pipa lake la maji ya mvua, lile asilomruhusu mtu kulichungulia, anamjazia kila mmoja ndoo. Mngefika wasafi, mngeonaje hayo?

Makandarasi wameshapewa kilomita 160 zilizobaki, Mnivata hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Watandike mkeka wao. Wajawazito na magunia ya korosho wamerushwa vya kutosha katika njia ile. Naomba tu kile kichochoro kinachochepuka kwenda kwa bibi kisiguswe. Ombi hili nimempelekea shangazi atie saini. Amesema nimlipe kwanza wigi.