Utalii wa Mwenye Usukani

Likizo ya kujiendesha ni aina ya utalii ambayo msafiri, badala ya kupanda basi au kulipia dereva wa kampuni ya watalii, huchukua gari lake mwenyewe au hukodi la watu, akashika usukani na kuifuata barabara iliyosifiwa kwa mandhari yake, iwe ile inayopanda mlima kwa kona kali au ile inayoambaa na bahari. Katika mkoa wa Mara utalii huu umezoeleka zaidi kama jambo la kutazamwa kuliko la kutendwa, kwa sababu magari ya wageni, yenye mahema juu ya paa na madumu ya mafuta nyuma, hupita katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma yakielekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na wenyeji wa Bunda hubaki wakijiuliza ni shida gani iliyowapata watu wenye uwezo wa kuajiri dereva hata wakaamua kuendesha wenyewe na kulala juu ya gari.

Swali hilo ni la haki, na lingestahili kujibiwa kabla wakazi wa Mara nao hawajaanza kuiga. Hata hivyo wameanza. Mtumishi aliyekopa gari, mfanyabiashara wa mazao aliyepata msimu mzuri, au kijana wa Nyamuswa, Ikizu, ambaye ana ndugu aliyehamia Muscat nchini Oman, wote siku hizi huzungumzia safari ya kuvuka mpaka kwa usukani wao wenyewe, na huizungumzia kwa uhakika mkubwa, kwa kuwa wanaamini kwamba aliyejifunzia gari katika nchi ya Waikizu hawezi kushindwa na barabara yoyote duniani. Imani hiyo ina msingi wake. Barabara ya Nyamuswa, Bunda na Kisorya, inayokwenda hadi kwenye kivuko cha kuingia Ukerewe, imekuwa ikitiwa lami kipande kwa kipande, na dereva aliyeipita katika miaka ya ujenzi amefuzu somo la vumbi, la matope, la njia za mchepuko na la ng'ombe wanaovuka bila haraka huku mchungaji wao akiwa kivulini. Kasoro ya imani hiyo ni moja tu: inadhani kwamba ugumu wa likizo ya kujiendesha uko barabarani.

Ugumu wenyewe uko katika mgawanyo wa kazi. Gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata takribani mita 22 kila sekunde, maana yake ni kwamba dereva anayegeuza macho kwa sekunde mbili ili afurahie bonde amekwenda zaidi ya mita 40 bila kujua kilichoko mbele yake, na katika barabara ya mlimani mita 40 zinatosha kabisa kumaliza likizo. Kwa hiyo dereva mwenye akili timamu haangalii mandhari. Anaangalia tela la lori. Abiria, ambao hawakununua mafuta wala hawakuombwa leseni, ndio wanaoangalia mandhari, na kila wanapoona jambo la kupendeza humwambia dereva atazame, kisha anapotazama humwambia atazame mbele.

Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa safari ya kupitia Sirari. Msafiri wa Nyamuswa anayekwenda Kenya na gari lake hufika katika kituo cha pamoja cha huduma mpakani, yaani jengo ambamo maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja ili kupunguza foleni, akiwa na hati ya kusafiria, leseni, kadi ya gari na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya ajali kwa gari linalovuka mpaka na ambayo Tanzania huitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Karatasi hizo zote huwa tayari. Kinachokosekana kwa kawaida ni kadi ya chanjo ya shangazi, ambaye hakuwa katika mpango wa awali bali alipanda gari asubuhi ya safari kwa hoja kwamba kiti cha nyuma kina nafasi.

Baada ya Migori na Kisii, barabara hupita kwenye chai ya Sotik, kisha Bomet na Narok, ndipo ikafika Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukingo huo ni miongoni mwa sehemu zenye mandhari nzuri kupita kiasi katika Afrika Mashariki: chini kuna tambarare pana, ng'ambo kuna mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, na karibu na mguu wa mteremko kuna kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara ya mteremko huo. Uzuri huo, kwa bahati mbaya, umewekwa bila kumjali dereva. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia; anayeteremka kuelekea Mai Mahiu huwa na bonde upande wa kushoto, dirishani kwa abiria wake, naye hupakana na malori yanayopanda; na anayepanda kuelekea Nairobi, ambaye sasa bonde liko upande wake, hutenganishwa nalo na malori yanayoteremka. Hakuna mwelekeo wa tatu. Dereva wa Nyamuswa aliyepita hapo kwenda na kurudi anaweza kueleza kwa ufasaha maandishi yote ya nyuma ya malori ya masafa marefu, na kuhusu Bonde la Ufa hana zaidi ya yale aliyofundishwa shuleni.

Ni kweli kwamba kuna vituo vya kusimama, ambako mbao hufungwa pembezoni ili watu waegemee na vinyago na mazulia ya ngozi ya kondoo huuzwa. Gari linaposimama, abiria hushuka kupiga picha, na dereva hushuka kupapasa matairi. Anapoombwa aje apigwe picha na wenzake hujibu kwamba anakuja, kisha huinama kutazama kama kuna mafuta yanayovuja, na ndiyo maana katika picha za familia nyingi zilizowahi kusafiri kwa namna hii baba huonekana mgongo tu, nyuma ya bega la shemeji yake. Isitoshe, abiria wenyewe hawasimamishi gari kwa sababu ya bonde pekee. Mtu aliyekulia jirani na Serengeti hasisimki kwa kuona pundamilia, na anayeishi karibu na Ziwa Victoria, ambalo maji yake yako takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hana sababu ya kushangazwa na miinuko, kwa kuwa hata anapoosha miguu katika mwalo wa Musoma amesimama mahali palipo juu kuliko vilima vingi vinavyotangazwa kwa watalii wa Ulaya. Kinachomsisimua ni viazi. Mbele ya ndoo za viazi, karoti na kabichi zilizopangwa kando ya barabara, gari zima huamka, bei hulinganishwa na za soko la Bunda kwa kubadili shilingi za Kenya kuwa za Tanzania kwa sauti, na safari huendelea ikiwa na magunia mawili ambayo hakuna aliyefikiria yatakaa wapi.

Ikiwa Kenya humchosha dereva, Oman humdhalilisha. Nchi hiyo ina jamaa wengi wenye asili ya Unguja na Pemba, jambo linalowavuta vijana wa Tanzania, na ina barabara za mlimani na za pwani zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa, jambo linalowaponza. Aibu huanzia kwenye kukodi gari. Mfanyakazi wa kampuni hulizunguka gari akiwa na karatasi yenye mchoro, akimtaka mteja aonyeshe mikwaruzo iliyopo ili ile itakayozidi wakati wa kurudisha ikatwe kwenye amana, yaani fedha zinazozuiliwa mpaka gari lirudi salama. Mtu aliyelelewa Mara huona ni utovu wa adabu kuanza kutoa kasoro za kitu alichopewa hata kabla hajakitumia, hivyo husema kwamba gari ni zuri na kutia sahihi. Siku ya kurudisha ndipo anapoambiwa kwamba nguo ya kuazima haisitiri, tena kwa kiasi chenye desimali.

Kisha kuna suala la upande. Oman, kama Rwanda, Burundi na Kongo, huendesha kulia, na gari lake lina usukani kushoto. Katika magari ya Kijapani yaliyojaa mkoani Mara, mkono wa indiketa uko kulia mwa usukani na wa waipa uko kushoto. Katika gari la Muscat mikono hiyo imebadilishana mahali. Matokeo yake ni kwamba kwa siku za mwanzo msafiri hutangaza kila kona anayokusudia kukata kwa kuwasha waipa, zikafuta kioo kikavu chini ya jua kali, katika nchi ambayo mvua ni habari ya gazeti, na madereva wa nyuma, wasiojua kwamba hiyo ni ishara ya kukata kushoto, hupiga honi. Kwenye kipilefti huzunguka kinyume cha alivyozoea huku midomo ikitembea. Akishaingia barabara kuu na kupita kilomita 120 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo, gari huanza kutoa mlio wa onyo, kwa kuwa magari mengi ya Ghuba hutengenezwa hivyo.

"Baba, gari linakuita," husema mama watoto.

Suala la njia nalo halikosi. Msafiri aliyepotea huandaa Kiingereza chake chote, husimama kando ya duka, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza mzee mwenye kanzu humjibu kwa Kiunguja kilicholainika kuliko chake: "Unakwenda wapi, mwanangu?" Furaha huwa kubwa, salamu huchukua muda, na maelekezo huja mwishoni kwamba aende moja kwa moja, ni hapo mbele tu. Aliyekulia Ikizu angepaswa kutambua hatari iliyomo katika maneno hayo, kwa kuwa nyumbani "hapo tu" hutosha kummaliza mtu miguu. Ila ugenini huyaamini, akagundua baada ya kilomita nyingi za jangwa kwamba vipimo vya Waswahili huvuka bahari bila kupungua.

Kilele cha masaibu hayo ni Jabal Akhdar, mlima unaopandwa kutoka Birkat al-Mawz hadi uwanda wa Saiq, takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni baridi na matuta ya kilimo yamepandwa mikomamanga na mawaridi. Chini ya mlima kuna kizuizi cha polisi, na askari huruhusu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne pekee. Katazo hili humuudhi mtu wa Mara kuliko jambo lingine lolote la safari hiyo, kwa sababu anaona mbele yake lami laini, pana, yenye mistari mipya, ilhali nyumbani Noah inayovuta kwa magurudumu mawili hupita kwenye matope ya masika ikiwa na abiria, magunia ya mahindi na mbuzi. Hoja ya askari, hata hivyo, ina uzito kuliko fahari ya msafiri: shida si kupanda, bali kushuka, kwa kuwa mteremko ni mrefu na mkali kiasi kwamba anayetegemea breki pekee huzichemsha mpaka zikaacha kushika, na gia nzito ya gari la namna hiyo ndiyo inayolizuia. Ndiyo maana pembeni mwa barabara zimejengwa njia za dharura, yaani vipande vya barabara vinavyopanda ghafla na kuishia kwenye kifusi, ili gari lililoshindwa kusimama lielekezwe huko.

"Na ile barabara ndogo," huuliza shangazi, ambaye tangu ile safari ya Sirari hajawahi kuacha safari impite, "inakwenda kwa nani?"

Hakuna dereva anayeteremka kwa gia ya kwanza awezaye kulijibu swali hilo kwa utulivu. Huko juu kuna ukingo mashuhuri ambao Diana, wakati huo mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliutembelea mwaka 1986, na ambao sasa uko ndani ya eneo la hoteli. Abiria huenda ukingoni wakaangalia korongo mpaka wakaridhika. Dereva, aliyefunzwa Nyamuswa kwamba gari haliachwi mlimani bila jiwe nyuma ya tairi, huonekana akizunguka maegesho yaliyofagiwa, akitafuta jiwe chini ya maua, na mlinzi akimfuata kwa heshima.

Barabara ya pwani kutoka Muscat kwenda Sur, bandari iliyounda majahazi na kufanya biashara na Unguja kwa muda mrefu, haihitaji maelezo mengi: ni pana, imenyooka, bahari iko kushoto kwa anayekwenda, yaani hatimaye upande wa dereva, na abiria wote wamelala.

Kwa mizani yoyote ya haki, likizo hii ni nzuri sana kwa kila aliyemo garini isipokuwa mmoja, ambaye ndiye aliyeilipia. Msomaji wa Bunda, Butiama au Musoma atakayealikwa akubali bila kusita, abebe koti na kadi ya chanjo, akae dirisha la kushoto wakati wa kuteremka Mai Mahiu, na akiulizwa kama ana leseni, aseme imekwisha muda wake.