Kadi Tano za Kilosa

Presha ya Baba watoto ilipimwa Jumatatu, na ilipofika Ijumaa ya wiki ileile tulikuwa tumeshalipia jimu miezi mitatu. Haraka ile ndiyo iliyozaa mengine yote.

Jumatatu hiyo kichwa kilimgonga tangu alfajiri. Aliposhusha abiria Kilosa akaingia zahanati kutafuta vidonge vya maumivu, nesi akakataa kumpa chochote kabla ya kumfunga kile kitambaa cha mkononi. Mashine ikasoma 164 juu, 102 chini. Wakamkalisha nusu saa, wakampima tena, ikashuka kidogo tu. Alirudi nyumbani Kimamba usiku na bahasha ya dawa na karatasi ya daktari: chumvi apunguze, dawa asiruke hata siku moja, na mazoezi. Akaiweka karatasi mezani, akaikandamiza kwa glasi, akakaa kimya. Nimeishi naye miaka 19 na sikuwahi kumwona akiogopa karatasi.

Baba watoto ni dereva wa Coaster, Kilosa na Morogoro, kwenda na kurudi. Anaamka saa kumi alfajiri, anakaa kwenye usukani, anashuka kula chipsi, anakaa tena. Kijana wetu wa kwanza ndiye konda wake. Yeye mguu mmoja mlangoni, mwingine hewani; anaruka chini, anaita abiria, anapanda juu ya keria kufunga magunia, anashuka, anakimbilia mlango gari likiwa limeshaanza kutembea. Baba na mwana, gari moja, saa zilezile, vumbi lilelile.

Usiku ule binti yetu wa kidato cha tatu alichukua simu yangu akaanza kusoma habari za moyo, na akakuta watu kama hawa wawili walishachunguzwa zamani. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa siku nzima, konda alipanda na kushuka akikata tiketi, ngazi mia tano, mia sita, hata zaidi kwa siku. Makonda walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, uliwakuta wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwa mkali kama wa wenzao wa usukani. Binti alitusomea kwa sauti. Kijana akaacha kula. Mwenyewe, ambaye ndiye hasa habari ile ilimhusu, aliomba maji ya kunywa.

"Mama," binti akaniambia jikoni, "Kilosa kuna jimu. Wana bei ya familia."

Bei ilikuwa hivi. Mtu anayelipa kwa siku, shilingi 3,000. Familia ya watu watano, 90,000 kwa mwezi, na ukilipa miezi mitatu kwa mpigo unapunguziwa hadi 240,000. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha hisabati darasa la sita. Hesabu ya kujua kama bei ile inafaa ni ya dakika mbili, na kila mwaka nawapa wanafunzi maswali ya namna hiyo: gawanya ada kwa bei ya siku, uone unatakiwa uhudhurie mara ngapi. Sikuigawanya. Nilikuwa nimelala usiku tatu nikisikiliza mtu anavyopumua.

Fedha tulikuwa nayo, gawio langu la kikoba, na ilikuwa imepangiwa bati za jiko. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliuliza mara moja tu. "Na masika haya hapa mlangoni, mwanangu, jiko litavuja hadi lini?" Nikamjibu, "Mama, jiko tutaliezeka mwakani. Mwenye jiko je?" Hakuuliza tena. Tulipigwa picha, tukapewa kadi tano, kila mtu na yake.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda wote. Chumba kimoja kirefu, zulia la mpira, vioo ukutani, mashine mbili za kukimbilia, baiskeli mbili zisizokwenda popote, na vyuma vya kunyanyua vimepangwa kwa uzito. Kocha alikuwa kijana mpole, anawaamkia wakubwa kabla ya kuwaelekeza. Nilivaa suruali ya traki, nikajifunga kanga juu yake kwa kuwa wanaume walikuwa wengi. Mama mkwe naye alikuwa na kanga zake mbili, kama siku zote.

Kuhusu Mama lazima nieleze kidogo. Amezaliwa hapahapa Kimamba, kambini, baba yake akiwa manamba aliyeletwa kutoka Ubena kukata mkonge. Wazee wa hapa wanaujua mwili kwa kipimo cha kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuandikwa. Mkata mkonge alipunguza ile miiba ya ncha, akafunga majani mzigo mzigo, thelathini kila mzigo, akaubeba begani hadi kwenye reli ndogo ya shamba, behewa likayapeleka kwenye mashine ya korona kusagwa hadi zibaki singa nyeupe. Mama alipokuwa msichana alianika singa hizo juu ya nyaya juani, ameinama na kuinuka kutwa. Sasa ana miaka 71 na magoti yake yanalia kama mlango mbovu. Kwa hiyo sikumtegemea kufanya chochote mle ndani zaidi ya kutushikia mikoba.

Kocha akamwomba ajaribu baiskeli. Akamweleza sababu, na ni sababu ya kweli: mtu akitembea, goti linabeba mwili mzima, ila kwenye baiskeli mwili unabebwa na kiti, goti linajikunja na kujikunjua bila mzigo huo. Mama akapanda. Akakanyaga polepole, dakika moja, tatu, tano, uso wake ukilainika taratibu. Dakika ya saba pindo la kanga likaingia penye ekseli ya pedali, likajizungusha mara mbili, likamvuta upande. Nikamdaka mabegani. Kocha akapiga magoti akajaribu kuizungusha pedali kinyumenyume, kitambaa kikazidi kukaza, kimeshaloa grisi. Ikabidi mkasi. Ile ilikuwa kanga aliyonunuliwa na marehemu mkwe wangu. Aliitazama ikikatwa pindo, shubiri moja hivi, akasema, "Kata, baba, kata." Kisha aliposhuka akasimama wima bila kushika kitu, akapiga hatua, akapiga nyingine. "Goti limelegea," akasema. Akataka kujua tunarudi lini.

Daftari nililifungua wiki ileile. Machi tulihudhuria mara 21 sote kwa jumla. Hapo tulikuwa na ari, na tayari tulikuwa tunapata hasara bila kujua, kwa sababu 80,000 za mwezi ukizigawanya kwa 3,000 unapata kama mara 27. Chini ya 27, heri ulipie kila unapoingia.

Aprili mvua ilishuka. Aliyewahi kuishi wilaya ya Kilosa hahitaji kuelezwa masika. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipobomoa kingo na kuisomba reli, bado watu wanahesabia umri wa watoto. Mwaka huu haikuwa hivyo, ila tope lilitosha kufanya safari ya nusu saa iwe ya saa nzima, na nauli yangu na ya binti, 4,000 kila mtu kwenda na kurudi, ikawa ndiyo swali la kila jioni. Gari la baba yao lisingetusaidia: saa ambazo lipo Kilosa, sisi tuko darasani.

Yeye mwenyewe alikuwa apitie jimu jioni, akimaliza safari ya mwisho. Alikwenda mara tano mwezi Machi. Mara ya sita, mwezi Aprili, alikuwa kwenye mashine ya kukimbilia dakika ya kumi na mbili, umeme ukakatika. Mkanda ukasimama, yeye akaendelea. Alijikinga kwa mkono wa kulia, kifundo kikateguka. Dereva asiye na mkono wa kulia habadilishi hata njia. Siku nne gari liliendeshwa na deiwaka, na hesabu ya siku nne ikaenda kwa deiwaka na tajiri wa gari. Alilala na mkono umefungwa bandeji, na presha, tulipoipima, ilikuwa imepanda juu ya pale tulipoanzia. Usiku ule nililia jikoni, maji ya mvua yakidondokea sufuria tatu.

Hakurudi tena jimu, na sikumlazimisha. Aliniambia jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja nilipokuwa natoa fedha. "Mama watoto, mimi nikishuka kwenye lile gari saa mbili usiku, nimetazamana na vioo siku nzima. Naingia mle ndani nakuta vioo vingine. Nataka nyumbani."

Mwisho wa Mei kocha alipiga simu kwa adabu kuuliza kama tunaendelea. Nikaomba siku mbili, nikakaa na daftari mezani, safari hii familia nzima imekaa. Baba watoto mara 6. Mimi 6. Kijana 2; yeye alisema wazi kwamba keria la Coaster linamtosha. Mama 6. Binti 16. Jumla 36 kwa miezi mitatu, yaani kila kuingia kulitugharimu karibu 6,700, zaidi ya mara mbili ya bei ya mlangoni. Tungelipa kwa siku, tungetumia 108,000. Tulipoteza 132,000, ukiacha nauli zetu mimi na binti, 88,000, ambazo zingekwenda vyovyote vile.

Kilichonishika koo kilikuwa ile sita ya kwanza. Mtu tuliyemlipia alikuwa amekwenda mara sita. Na safu mbili za chini ndizo zilizokuwa zinasema kitu kingine kabisa. Mama hakukosa mwezi hata mmoja, mara mbili kila mwezi, siku zilezile anazokwenda Kilosa kulala kwa dada yake. Nauli yake ilikuwepo tangu zamani. Binti alikuwa amenyanyua vyuma hadi akaitwa timu ya netiboli ya shule kuelekea michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, na anatembea siku hizi kama mtu aliyeongezwa urefu. Tulinunua bei ya familia kana kwamba familia ni mwili mmoja wenye ugonjwa mmoja. Mle ndani kulikuwa na goti la miaka 71, msichana wa miaka 16 mwenye nguvu zisizo na pa kwenda, kijana aliyeshiba mazoezi kazini, mwalimu aliyechoka, na moyo wa dereva.

Tukamjibu kocha hapana, na tukamshukuru kwa dhati, kwa sababu alimpa Mama goti. Mama anaendelea kulipa 3,000 zake akienda kwa dada yake. Amejipatia vazi la baiskeli, suruali ya kitenge aliyoshonewa na fundi wa hapa stesheni. Binti ana netiboli yake, na nyumbani ana madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, kilo tano kila mkono.

Baba watoto ndiye aliyebaki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zigawanye kwa siku saba, ni dakika 21 kwa siku na nukta chache. Nilikumbuka Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi; sisi walimu tulikimbia na watoto barabarani, bila kadi na bila kioo. Kutoka mlangoni kwetu hadi mwisho wa barabara ya zamani ya shamba la mkonge na kurudi ni dakika 25. Nilipima kwa saa ya shule.

Tulianza Juni, mvua ilipokata. Nesi alimfundisha kipimo cha mwendo: uwe unaweza kuongea, usiweze kuimba. Siku ya kwanza alitembea kama anayesindikiza mgeni. Kijana, aliyekuja nasi, akamwambia, "Baba, imba." Akaimba wimbo wa kwaya yake ya zamani, ubeti mzima, sauti nzito, hadi mbwa wakatoka. "Basi hujaanza," kijana akasema, akatangulia kwa kasi. Tukamfuata. Karibu na mabaki ya korona baba yake akajaribu ubeti wa pili, pumzi ikakatika neno la tatu. Kijana akageuka nyuma akiwa amefurahi hasa. "Hapo hapo. Usiongeze, usipunguze."

Kituoni Morogoro siku hizi anashuka, anapanda keria mwenyewe kufunga mizigo ya upande wake, mwanawe upande mwingine. Dawa anakunywa kila siku. Daktari hajapunguza, wala sisi hatujaomba. Mara ya mwisho mashine ilisoma 142 kwa 90, na nesi akasema bado tuna kazi.

Jiko halijaezekwa. Jana yalidondoka manyunyu ya nje ya msimu, nikajua leo hatutoki, nikavua viatu mapema nikaanza kusahihisha madaftari ya watoto. Saa mbili na robo nikasikia Coaster inazimwa nje. Akaingia, akanywa maji amesimama, akatafuta chini ya kiti hadi akavipata viatu vyangu, akaviweka miguuni pangu, kushoto na kulia.