Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha wa Uingereza

Mheshimiwa,

YAH: SHUKRANI KWA NAFUU YA MUDA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naandika mimi mteja, kwani mwenye mgahawa yuko jikoni anachemsha chai.

Nafuu ya kodi ya majengo ya biashara kwa maduka, migahawa na kumbi za burudani za England ilifika asilimia 100 mwaka 2020, korona ilipofunga milango. Ikashuka hadi 66, kisha 50, ikapanda 75, ikashuka 40, na Machi 2026 ikazikwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mgeni wenu mmemlaza miaka sita, na jembe mkampa mwenye duka.

Hesabu zenu ni za ajabu. Mgahawa ambao wathamini wanasema ungepangishwa kwa pauni 20,000 kwa mwaka, kwa kiwango cha peni 49.9 kwa kila pauni, ulidaiwa pauni 9,980. Mwaka 2024/25 nafuu ilibakiza 2,495. Mwaka uliofuata nafuu ikabakiza 5,988. Wapi kwingine mtu hupewa nafuu na bili ikazidi maradufu?

Sasa mmeleta dawa ya kudumu: tangu Aprili 2026, wadogo wa sekta hizi wanatozwa peni 38.2. Mgahawa ule ungelipa 7,640, iwapo wathamini hawangebadili chochote. Lakini wamepita. Thamani ya zamani ilipimwa kwa hali ya Aprili 1, 2021, baa zikiwa bado na kufuli. Mpya imepimwa kwa hali ya Aprili 1, 2024, kufuli limetoka. Aliyehangaika kufufua biashara anapongezwa kwa kupandishiwa thamani. Kama kwa siku ameuza vikombe vitatu au mia tatu, kodi haiulizi. Inauliza chumba kina thamani gani.

Wenye baa walipopiga kelele, Januari 2026 mkawapunguzia asilimia 15, wao na kumbi za muziki. Migahawa haikuguswa. Kosa ni la wenye migahawa: walikuwa wanahudumia wateja badala ya kulalamika.

Hivyo tunaomba mwongozo rasmi wa Wizara: kelele zipigwe kwa kiwango gani, kwa muda gani, na fomu ya maombi inapatikana ofisi ipi?

Wako katika kungojea Bajeti,

Mteja wa meza ya dirishani