Barua ya wazi kwa ofisi inayochapisha kalenda ya Mlima Kilimanjaro

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: PICHA YANGU KUKATALIWA KWA KOSA LA UPUNGUFU WA THELUJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza ofisi yenu kwa kalenda ya mwaka huu, ambayo imefika hadi kwa kinyozi wangu na kutundikwa juu ya kioo. Nimeikagua muda wote wa kunyolewa. Tembo watatu, mgunga mmoja, na nyuma yao kilele cha Kibo, cheupe hadi mabegani. Tatizo ni dogo tu: Mawenzi, kilele cha pili, iko kushoto. Mtoto yeyote wa Moshi anajua kwamba ukisimama kwetu ukautazama mlima, Mawenzi iko kulia. Kuiona kushoto inabidi uzunguke kaskazini, na wapiga picha wa tembo wakizunguka kaskazini huishia Amboseli, Kenya. Kwa hiyo tembo wale nawashuku uraia wao, mgunga nao naushuku, na aliyepiga picha pengine alikuwa amekanyaga ardhi ya jirani. Chetu pale ni theluji peke yake. Nayo, kama nitakavyoeleza, haipo.

Mlipotangaza kwamba mnapokea picha za wananchi, nilipanda. Stendi yangu ya kamera ilipimwa getini pamoja na unga na mtungi wa gesi, ili mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, usizidi kilo 20. Usiku wa kilele tulitoka kambi ya Barafu saa sita, taa kichwani, betri za akiba nimezilaza kifuani ndani ya fulana, maana baridi ya kule huimaliza betri iliyojaa kabla hujatafuta fokasi. Chini taa za Moshi zilikuwa zinawaka kama kawaida, watu wamelala zao. Kila niliposimama kufungua stendi, kiongozi wangu alinisubiri kwa upole wa mtu anayelipwa kwa siku, halafu akasema, "Twende bosi, ukipoa hapa hutanyanyuka." Picha za nyota nilipiga kwa vidole ambavyo sikuwa na uhakika kama ni vyangu.

Saa kumi na mbili tulikuwa karibu na Stella Point. Mwanga ulitoka nyuma ya Mawenzi, mwembamba kwanza, halafu wote kwa pamoja, na mkono wa kushoto ukajitokeza mto wa barafu wa Rebmann, au kilichobaki chake: ukuta wenye mistari ya wima, buluu chini, kijivu juu, umesimama kwenye mchanga mkavu. Nikapiga picha. Mbele kokoto, katikati kiongozi ameinama anafunga kamba ya kiatu, nyuma yake ule ukuta. Sijawahi kupiga picha yenye mwanga mzuri kuliko huo.

Ofisa wenu alinipigia simu kwa heshima kubwa. "Ndugu yangu, theluji iko wapi? Hii si ni machimbo ya kokoto?" Akanifariji kwamba pale ofisini kuna kijana wa kompyuta anayeweza kuiongeza. Sampuli niliyotumiwa inaonyesha theluji imeshuka hadi usawa wa migomba. Kiongozi wangu amefutwa kabisa, bila shaka kwa kuhurumiwa asipigwe na baridi.

Mheshimiwa, ninyi si wa kwanza. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu kwa macho yake akaandika kwamba una theluji. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alimbishia kwa miaka. Cooley aliikataa theluji iliyokuwepo. Ninyi mnaidai isiyokuwepo. Kiti naona ni kile kile.

Najua mtajibu kwamba theluji huanguka. Ni kweli. Masika mlima huamka mweupe na Moshi nzima hutoa simu mfukoni, lakini baada ya siku chache jua limeshaila. Inayoondoka moja kwa moja ni ile barafu ya kudumu. Haiondoki kwa kuyeyuka tu: hewa ya kule juu ni kavu kiasi kwamba sehemu yake hugeuka mvuke bila kupitia maji, na theluji mpya ya kuifidia ni haba. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipopanda mwaka 1889 ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka. Mimi nimefika na vumbi kwenye meno. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha, na kutokana nazo ikachorwa ramani ya barafu yake. Hadi kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo hilo la barafu ilikuwa imetoweka. Nashukuru tu kwamba picha zao hazikupita kwa kijana wa kompyuta, la sivyo leo tusingejua tumepoteza nini.

Novemba 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro inatarajiwa kuwa imekwisha ifikapo 2050. Kwa upande wenu naona hiyo ni fursa. Kalenda itakuwa mahali pekee penye theluji, na kinyozi wangu anaweza kutoza kiingilio, wageni dola, wazawa shilingi.

Wakati tukiusubiri mwaka huo, naomba nijulishwe kwa maandishi kiwango cha theluji kinachotosha, kwa sentimita, pamoja na idadi ya tembo inayohitajika katika mwinuko wa mita 5,756, pale Stella Point. Naomba pia kiongozi wangu arudishwe mahali alipokuwa, kwa sababu kamba ya kiatu hajamaliza kuifunga. Picha yangu mnirudishie kama nilivyoileta. Anayetaka theluji zaidi apande saa sita usiku akaitafute mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga picha wa machimbo ya kokoto

Nakala: Kinyozi, kwa taarifa.