Gari Linakunywa

Jirani yangu hapa Tabora ana gari lililokula chumvi nyingi. Akikata kona ya kwenda Kwihara, usukani unaguna kama mpagazi aliyeongezewa frasila. Hushuka, hufungua boneti, humimina oili nyekundu ya pawa stelingi, hupanda tena, roho kwatu. Chini ya mwembe anapoegesha, doa linazidi kutanuka mchangani.

“Jirani, paipu inavuja.”

“Aa, gari linakunywa tu.”

Linakunywa! Oili ya pawa haiungui kama petroli; inazunguka humo humo, ikipungua imetoka. Wanyamwezi walibeba pembe kwa miguu toka hapa hadi Bagamoyo, bila kudondosha hata moja (ndivyo tusemavyo sisi wajukuu). Yeye nusu lita hafiki nayo hata hapo Ipuli.