Ukifika Penye Mwembe, Kata Kushoto

Bando la siku tatu limeteketea, na kosa langu ni moja tu: nilikubali kukitengenezea tovuti chama chetu cha kuzikana. Mweka hazina alisema, "Si wewe unayeshinda na kompyuta?" Kichwa kikavimba.

Programu ya seva niliyochagua, Apache, ni huria na ya bure, ipo tangu 1995. Kuiweka ni amri moja, chai haijapoa. Nikafungua kivinjari, ikanitangazia kwa Kiingereza kwamba inafanya kazi. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie.

Kisha nikaweka kurasa zetu kwenye folda niliyoipenda mwenyewe. Ikatoka 403: marufuku. Marufuku! Kwenye kompyuta yangu, sebuleni kwangu, na luku nanunua mimi.

Mwongozo wa zamani niliouokota mtandaoni ukasema nifungue httpd.conf. Nimelitafuta faili hilo kama babu anayetafuta miwani. Halipo. Kumbe kwenye Ubuntu, ninayotumia mimi, faili kuu huitwa apache2.conf, na mipangilio ya kila tovuti imewekwa folda nyingine kabisa. Mwandishi hakusema. Aseme kwa nini? Kwake lipo.

Mwongozo huo ukaniambia tena: andika "Allow from all". Nikaandika. 403. Nikafuta, nikaandika polepole, kwa adabu. 403.

Sasa sikia. Toleo la 2.4 la Apache, lililotoka 2012, lilileta maneno mapya: siku hizi ni "Require all granted". Na imeelezwa vizuri tu, kwenye ukurasa wa wanaohama kutoka toleo la 2.2. Mimi nahama kutoka wapi? Mimi ndiyo kwanza naingia mjini, godoro kichwani! Ukurasa huo ningeufungulia nini?

Ni yaleyale ya kuelekezwa njia mtaani kwetu: "Ukifika penye mwembe, kata kushoto." Mwembe ulishakatwa, pamekuwa kijiwe cha bodaboda. Anayekuelekeza wala hakudanganyi; machoni pake mwembe bado umesimama.

Wengi wanaoandika miongozo hii wanajitolea, kwa hiyo kulalamika naona haya kidogo. Kidogo tu.

Nilimlalamikia mpwa wangu. Akacheka. "Mjomba, si ni huria? Andika wa kwako basi."

Nikaandika. Ukurasa mmoja, Kiswahili kilichonyooka, jina la kila faili na mahali lilipo, hata toleo nikalitaja juu kabisa. Nikampa katibu wa chama aujaribu kwake. Saa nne usiku simu ikaita.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Hapa mwanzoni umeandika nifungue terminali."

"Marahaba. Ndiyo, fungua."

"Ya mabasi au ya ndege?"

Neno hilo nimeliandika mara sita bila kulieleza hata mara moja. Msomaji mwenye Kiswahili chake anisaidie mapema, maana katibu bado yuko mstari wa kwanza na kikao ni Jumapili.